DALILI ZA MARADHI KWA MBWA: YA KUAMBUKIZWA NA YA UKOO

Mbwa anapougua hawezi kuulizwa anaumwa wapi. Kwa hiyo daktari wa mifugo humgeukia mwenye mbwa na kumwuliza maswali ambayo wengi huyaona kuwa ni ya bure. Mbwa huyu ana umri gani? Alichanjwa lini? Je, mbwa wa jirani nao wanaugua? Ndugu zake wa tumbo moja wana hali gani, na mama yao je? Maswali hayo ni nusu ya kazi ya daktari, maana dalili moja, mathalani kuchechemea au kutokwa na damu puani, yaweza kuwa na asili mbili zilizo mbali kabisa.

Asili ya kwanza ni maambukizo. Ugonjwa hutoka kwa mbwa mwingine, au kwa kupe, au kwa chakula kichafu. Aghalabu huanza kwa ghafula, huja na homa, nao haujali ua wala mpaka wa shamba. Asili ya pili ni ukoo. Mbwa huzaliwa na kasoro aliyorithi kwa baba na mama yake, na kasoro hiyo yaweza kukaa kimya kwa miezi au miaka kabla ya kujionyesha. Haina homa kwa kawaida, wala haimwendei mbwa wa jirani. Lakini ukiwatafuta ndugu zake waliouzwa mbali, huenda ukawakuta nao wakisumbuliwa vivyo hivyo.

Katika maradhi yote ya mbwa, hakuna linalopasa kujulikana kuliko kichaa cha mbwa, kwa kuwa linaua watu. Katika Kenya lilithibitishwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa mmoja kandokando ya Nairobi, na tangu hapo halijaondoka. Watu wengi hudhani kwamba mbwa mwenye kichaa ni yule tu anayekimbia ovyo barabarani huku akitokwa na povu na kumwuma kila amwonaye. Mbwa wa namna hiyo yupo, naye ni hatari. Lakini angalau kila mtu humkimbia.

Yuko mwingine aliye hatari kwa njia ya upole. Huyu hujificha chini ya kitanda au nyuma ya ghala. Sauti yake ya kubweka hubadilika, ikawa kama ya mbwa aliyekauka koo. Taya la chini hulegea na kuning'inia, mate humtiririka, na chakula hakimezeki. Mwenyewe humwonea huruma, akadhani kwamba mfupa umemkwama kooni, akaingiza mkono kinywani ili autoe. Mbwa hakuuma mtu, na hakuna aliyeogopa. Lakini virusi vya ugonjwa huo vimo ndani ya mate, na mchubuko mdogo wa kidole watosha kuwa mlango wao. Yafaa basi ifahamike kwamba mbwa asiyeweza kufunga kinywa asiguswe hata kidogo. Afungiwe mahali, na daktari wa mifugo aitwe.

Dalili nyingine ya kichaa ni mabadiliko ya tabia. Mbwa mkali anakuwa mpole kupita kiasi, na mbwa mpole anakuwa mkali. Aliyezoea kulala mchana anatangatanga. Wengine hula udongo na vijiti. Tangu kuambukizwa hadi dalili kuonekana, mara nyingi hupita majuma kadhaa, na pengine miezi, hivi kwamba watu wameshasahau ule ugomvi na mbwa mgeni. Dalili zikisha kuonekana, mbwa hufa kwa kawaida ndani ya siku 10. Mtu naye, dalili zikimtokea, ni nadra mno kupona. Kwa sababu hiyo aliyeumwa hangojei dalili. Jeraha huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu huenda hospitali siku ile ile kuanza chanjo, na huzimaliza zote kwa tarehe atakazopewa. Mbwa aliyeuma, akiweza kufungwa bila hatari, hutazamwa kwa siku 10. Akiwa bado mzima baada ya hapo, yajulikana kwamba mate yake hayakuwa na ugonjwa siku aliyouma. Serikali ya Kenya ilitoa mpango mwaka 2014 wa kukomesha vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030, na msingi wa mpango huo ni kuwachanja mbwa wasiopungua 70 katika kila 100.

Upo ugonjwa mwingine unaofananishwa mara kwa mara na kichaa, nao ni distempa. Huu huwashika zaidi watoto wa mbwa, yaani vilebu, wasiochanjwa. Huanza kama mafua: macho na pua hutoa uchafu mzito, homa hupanda, kikohozi na kuhara hufuata. Wengine ngozi ya nyayo hukakamaa. Mbwa akionekana kupata nafuu, ugonjwa waweza kumpanda kichwani baada ya majuma machache. Misuli humrukaruka, taya hugongana kana kwamba anatafuna, na degedege humwangusha. Asiyejua husema ni kichaa. Tofauti kubwa ni ile homa na mafua yaliyotangulia, lakini mtu asiye daktari asijaribu kuipambanua kwa mikono yake mitupu. Distempa haimwui binadamu, ila haiishii kwa mbwa. Mwaka 1994 iliingia kwa simba wa Serengeti na kuua karibu theluthi moja yao, ikavuka hadi Maasai Mara. Wataalamu walieleza kwamba asili yake ilikuwa mbwa wa kufugwa wa vijiji vya jirani.

Parvo huua upesi zaidi. Kilebu aliyecheza jana leo anatapika, anahara damu yenye harufu kali, na maji yote ya mwili yanamwishia. Virusi vyake hukaa udongoni kwa miezi mingi, na ndiyo maana kilebu mpya anayeletwa katika ua ule ule, kabla ya chanjo kukamilika, humfuata mwenzake.

Kupe nao huleta maradhi yao. Mbwa mwenye homa ya kupe huwa mnyonge, fizi zake hupauka au kuwa na rangi ya manjano, na mkojo huweza kuwa mwekundu mweusi kama chai ya rangi. Ugonjwa mwingine wa kupe humtoa mbwa damu puani bila kupigwa. Hapa ndipo lile swali la ukoo linapoingia, kwa kuwa mbwa wa aina ya Doberman wanao ugonjwa wa kurithi ambao huzuia damu kuganda upesi, na mara nyingi haujulikani mpaka siku ya upasuaji, damu inapokataa kukoma. Damu ya puani ni ile ile kwa macho. Umri, kupe walioko masikioni na habari za wazazi ndizo zinazotenganisha.

Kabla ya kuyaeleza ya ukoo, kuna ugonjwa mmoja ambao dalili yake haionekani kwa mbwa kamwe. Ni wa tegu mdogo sana, mwenye urefu wa milimita chache tu, akaaye matumboni mwa mbwa kwa mamia au maelfu. Mbwa mwenyewe hunenepa na kucheza kama kawaida. Lakini mayai ya tegu hutoka na mavi, hushika katika manyoya, na mtoto anayemkumbatia mbwa kisha akala bila kunawa huyameza. Ndani ya mtu mayai hayo hugeuka vifuko vya maji katika ini au mapafu, vinavyokua polepole kwa miaka, hata tumbo likavimba. Turkana ni miongoni mwa mahali duniani palipoonekana ugonjwa huu kwa wingi sana, na tangu mwaka 1983 shirika la AMREF liliendesha huko kazi ya kuupiga vita. Mbwa huupata kwa kula maini na mapafu mabichi ya kondoo, mbuzi au ngamia yenye vifuko hivyo. Machinjioni, basi, kiungo chenye vifuko kichomwe moto au kifukiwe chini sana, kisitupiwe mbwa. Na mbwa apewe dawa ya tegu mara kwa mara, hata kama hana ila.

Maradhi ya ukoo huonekana zaidi kwa mbwa wa aina teule, ambao wametokana na mababu wachache. Mbwa wa Kijerumani wa aina inayotumiwa na polisi hujulikana kwa kasoro ya nyonga. Kichwa cha mfupa wa paja hakikai vizuri katika tundu lake. Kilebu wa miezi michache huonekana mvivu kuinuka, hukataa kupanda ngazi, na anapokimbia huirusha miguu ya nyuma yote miwili pamoja kama sungura. Picha ya eksirei huthibitisha. Hapa ukoo hautendi kazi peke yake. Kilebu anayelishwa kupita kiasi ili akue haraka na kuuzwa kwa bei huumia zaidi.

Mbwa wa Rhodesian Ridgeback, ambao sifa zao rasmi ziliandikwa Bulawayo mwaka 1922, hupendwa kwa ule mstari wa manyoya mgongoni yanayolala kinyume. Vilebu wengine wa aina hiyo huzaliwa na tundu jembamba kama la sindano, shingoni hasa, linaloshuka kutoka kwenye ngozi kuelekea uti wa mgongo. Huhisiwa kwa vidole kama uzi chini ya ngozi. Lisipoondolewa na daktari laweza kuota usaha. Mwaka 2007 wataalamu wa elimu ya urithi walionyesha kwamba jeni iletayo mstari ndiyo pia iletayo hatari ya tundu, hasa kwa kilebu aliyeirithi pande zote mbili. Urembo na ugonjwa vimefungwa katika kifurushi kimoja.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Basenji, mbwa wa kuwinda wa misitu ya Kongo asiyebweka, ambaye jina lake lina udugu na neno la Kiswahili washenzi. Wachache walipelekwa Uingereza katika miaka ya 1930, na kutoka kwao ukatoka karibu ukoo wote wa Ulaya na Marekani. Katika miaka ya 1970 wafugaji waligundua ugonjwa wa kurithi wa upungufu wa damu, wakawaondoa mbwa wote walioubeba. Nia ilikuwa njema, lakini kundi lililokuwa dogo likazidi kuwa dogo, na ugonjwa mwingine ukaonekana kwa wingi, wa figo. Mbwa mwenye umri wa miaka 4 hadi 7 huanza kunywa maji mengi mno na kukojoa kila saa. Mkojo huwa na sukari, na watu husema ni kisukari; kumbe sukari ya damu ni ya kawaida, ila figo zinaivujisha pamoja na chumvi na vitu vingine vya lazima. Akifikia umri huo mbwa amekwisha kuzaa mara kadhaa. Wazazi wawili wanaobeba jeni hiyo huonekana wazima, lakini kwa wastani kilebu mmoja katika wanne wao atakuwa mgonjwa. Dawa ya kundi dogo ilikuwa ni kurudi kwenye chimbuko: mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani walikwenda Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, wakaleta mbwa wapya, na mwaka 1990 vitabu vya ukoo vikafunguliwa ili kuwapokea. Leo kipimo cha jeni humwezesha mfugaji kumpandisha mwenye kubeba kwa asiye nayo, pasipo kumtupa mbwa mzuri.

Mbwa koko wa vijijini hawana shida kubwa ya namna hii, kwa kuwa huchanganyika na wa mbali, na wenye kasoro kubwa hufa mapema. Shida huanza pale mtu mjini anapowapandisha ndugu wawili wa tumbo moja kwa sababu mbwa wa ulinzi wana bei. Anayenunua kilebu wa namna hiyo na aombe kumwona mama akitembea na akikimbia, atazame cheti cha chanjo, kisha aulize kuhusu nyanya na babu, waliishi miaka mingapi na walikufa kwa nini. Kwa ugonjwa kama ule wa figo, kilebu mwenyewe bado hana la kuonyesha.