BOGENVILIA NA HAIBISKASI: Matunzo Yake Hayafanani

Mti wa maua mbele ya nyumba ni pambo lisilo na gharama kubwa, nao huwafurahisha wenyeji na wapitao njiani mwaka mzima. Katika Kenya, miti miwili ya namna hiyo huonekana mara nyingi, mjini na mashambani, penye shule, hospitali, makanisa, misikiti na nyumba za watu: nayo ni bogenvilia na haibiskasi. Yote miwili hukaa na majani yake ya kijani, yote huchanua mara nyingi katika mwaka, na yote huoteshwa kwa kipandikizi kilichoombwa kwa jirani. Kwa sababu hiyo watu wengi huitunza kwa njia moja, na hapo ndipo kosa linapoanza. Bogenvilia hunyweshwa maji mengi, ikatoa majani matupu. Haibiskasi husahauliwa wakati wa kiangazi, ikaangusha vitumba vyake kabla ya kufunguka. Na mahali ambapo mama na binti zake huchota maji mbali, kila debe linalomwagwa pasipohitajika ni jasho lililopotea bure.

Asili ya miti hii

Bogenvilia ilitoka Amerika ya Kusini. Mwaka 1767 merikebu za Ufaransa zilizoongozwa na Louis Antoine de Bougainville zilitia nanga Rio de Janeiro, katika nchi ya Brazil, na mtaalamu wa mimea aliyekuwa katika safari hiyo, Philibert Commerson, akauona mti huu. Ukaitwa kwa jina la mkuu wa safari. Jambo la ajabu ni kwamba kile ambacho watu hukiita ua, chekundu, zambarau, cheupe au cha rangi ya chungwa, si ua hasa. Ni majani membamba yaliyogeuka rangi. Mtu akichungulia katikati yake ataona vijiti 3 vidogo vyeupe. Hivyo ndivyo maua yenyewe. Kwa kuwa majani hayo ni makavu kama karatasi, pambo lake hudumu kwa majuma mengi.

Haibiskasi ilipewa jina la kitaalamu na Linnaeus wa Uswidi mwaka 1753, na sehemu ya jina hilo maana yake ni “waridi la China”, ijapokuwa si waridi kamwe. Ni jamaa ya pamba na bamia, na mkulima aliyepata kulima mazao hayo ataitambua mara moja kwa umbo la ua lake. Ua la haibiskasi ni kubwa na laini, lakini kwa kawaida huishi siku 1 tu: hufunguka asubuhi na kunyauka jioni. Basi mti huu hauna budi kutengeneza maua mapya kila siku, na kazi hiyo yahitaji chakula na maji. Mtu akilikumbuka neno hili, matunzo yake yote yatamwelea.

Maji na mbolea

Bogenvilia ihitaji maji katika mwaka wake wa kwanza, mpaka mizizi yake ishuke chini. Baada ya hapo, iliyopandwa ardhini huweza kuvumilia kiangazi pasipo kunyweshwa. Tena kiu kidogo huifanya ichanue zaidi. Iliyopandwa katika debe au mtungi na inyweshwe pale tu udongo wa juu ukaukapo, na debe hilo litobolewe chini ili maji yasituame. Samadi nyingi haiifai: huirefusha matawi na kuinyima maua.

Haibiskasi ni kinyume chake. Wakati wa jua kali yafaa inyweshwe mara 2 kwa juma, maji ya kutosha kufika mizizini, wala si kikombe kimoja kila jioni. Maji yaliyooshewa mboga yafaa sana kwa kazi hii. Shina lake lizungushiwe majani makavu ili unyevu usipotee upesi, na kila mvua zianzapo liwekewe samadi iliyooza vizuri. Lakini penye tope la daima mizizi yake huoza.

Kupanda na kukata matawi

Kwa miti yote miwili, shimo la upana wa futi 2 na kina kama hicho latosha, na wakati bora ni mwanzo wa mvua. Kipandikizi cha bogenvilia kikatwe katika tawi lililokomaa, unene wa penseli, urefu wa inchi 6 hadi 9. Kikishaota, kihamishwe pamoja na udongo wake, maana mizizi yake hukatika kwa urahisi. Kipandikizi cha haibiskasi kikatwe katika tawi ambalo si changa sana wala si gumu sana.

Bogenvilia hukatwa kwa nguvu kila imalizapo kuchanua, kwani maua hutokea katika matawi mapya. Mkataji avae viatu na kufunika mikono kwa gunia, na miiba yote ikusanywe mbali na watoto. Haibiskasi hupunguzwa kidogo tu mvua zikaribiapo. Wadudu weupe kama usufi wakionekana chini ya majani yake, yaoshwe kwa maji yenye sabuni kidogo.

Upi upandwe wapi?

Penye jua la siku nzima, maji haba na haja ya kuzuia wezi na wanyama, bogenvilia ndiyo ifaayo, maana huwa uzio wa miiba. Lakini isipandwe kando ya njia nyembamba wapitapo watoto. Penye maji karibu na mahali pa kuketi, haibiskasi ni bora, kwa kuwa haina miiba. Ila izuiwe na mbuzi, kwani majani yake huyapenda. Miti yote miwili huogopa baridi kali. Katika nyanda za juu kama Kinangop, jalidi huweza kuua miche.

Neno moja la hadhari. Aombaye vipandikizi na aangalie asipewe oleanda, mti wenye majani marefu membamba na vishada vya maua ya waridi au meupe. Kila sehemu yake ina sumu inayodhuru moyo, hata majani yakikauka, na huweza kuua mtu na mifugo. Usipandwe penye watoto wala mbuzi.

Basi kabla ya kuteka maji kwa ajili ya bustani, mtu na atie kidole katika udongo, kisha aulize: mti huu ni upi? Jibu la swali hilo litampa maua, nalo litawapunguzia kazi wale wanaobeba debe.