Akiba ya Shule (Mithali 6:6–8)

Ada ya shule za msingi iliondolewa mwaka 2002, na mwaka 2016 michango ya lazima nayo ikakatazwa. Lakini sare, viatu na madaftari hununuliwa na mzazi. Tena shule hufunguliwa Januari, wakati ambapo hapa Singida mazao yangali machanga shambani, na chakula ghalani kimepungua. Ndipo wengine huuza mbuzi kwa bei hafifu, au mtoto hukaa nyumbani kwa aibu. Basi tujifunze kwa mdudu chungu, awekaye akiba wakati wa mavuno. Alizeti ikiisha kuuzwa, tenga kwanza fedha ya madaftari, ndipo ufanye karamu. Nanyi wainjilisti, ulizeni mtaani: Mtoto wa mjane atanunuliwa na nani?