SOMO LA KIINGEREZA: KILA NENO MAHALI PAKE



Tunaposahihisha kaye za Kiingereza, mara nyingi tunakuta maneno yameandikwa vizuri, herufi zote ziko, lakini sentensi inasema jambo lingine kabisa. Tuseme daktari mgeni amekuachia karatasi kwenye dispansere: “Take the bottle out of the box and burn it.” Utachoma nini, chupa ya dawa ama sanduku? Kiswahili kingejibu palepale: “ulichome” ni sanduku, “uichome” ni chupa. Kiingereza hakina li wala i ya namna hiyo. Kina “it” moja tu kwa vitu vyote. Na sisi wa mjini, wenye kusema “iko” kwa kila kitu, tunaanza kupoteza msaada huo, lakini hilo ni somo lingine. Dawa yake ni kurudilia jina: “Take out the bottle and burn the box.”

Kwa watu ni vilevile. Someni Matendo 15, kisha mtazame sentensi hii: “Barnabas wanted to take Mark, but Paul said that he had left them in Pamphylia.” Nani aliwaacha? Ni Marko. Lakini mtu asiyesoma sura ile anaweza kumtwika Barnaba kosa lisilo lake. Andikeni “that Mark had left them”. Kurudilia jina si aibu, hata kama mmezoea kuambiwa kwamba ni vibaya.

Kifaransa nacho kinatutega. “Jean aime sa mère”: “sa” inafuata mama. Basi mwanafunzi anaandika “Jean loves her mother”, na Mwingereza anauliza, mama wa binti gani huyo? Kwa Kiingereza tunamtazama mwenye mali. Jean ni mwanaume, kwa hiyo “his mother”.

Sasa kosa tunalolikuta kuliko yote: “Walking to the river, the rain caught us.” Hapa mvua ndiyo iliyotembea kwenda mtoni! Kosa linatoka wapi? Sisi tunasema “tukienda mtoni, mvua ilitupata”, na ile tu- ya mwanzo inaonyesha wenye kwenda. “Walking” haibebi mtu ndani yake. Inashika jina la kwanza linalofuata alama ya koma. Mpeni mtu wake: “As we were walking to the river, the rain caught us.”

Neno la kueleza likae karibu na kile linachoeleza. “We gave bread to the children in small baskets” inaweka watoto ndani ya vikapu. Semeni “bread in small baskets”. Tena angalieni “only”. “Only Peter paid the fees”: wengine wote wana deni. “Peter paid only the fees”: Petro mwenyewe angali na deni la kitu kingine. Mbele ya mwenye kushika feza za shule, tofauti hiyo si ndogo.

Zoezi. Sahihisheni:
“The pastor saw a goat going to church.”
“Mary told her sister that she had failed.”
“After eating all the beans, the plates were washed.”

Ya pili ina majibu mawili. Andikeni yote mawili. Leteni karatasi kwa mwalimu wa Kiingereza mbele ya siku ya tano.