Ndama ana hereni, mbona ndigana kali imemuua?

Swali ninaloulizwa sana siku hizi ni hili: "Afisa, ndama alichanjwa na hereni anayo, mbona amekufa kwa ndigana?"

Jibu ni kwamba hakuchanjwa ndigana. Kampeni ya kitaifa iliyozinduliwa Juni 2025 kule Bariadi, Simiyu, kwa ng'ombe inalenga homa ya mapafu. Ni chanjo nzuri, usiikwepe. Ila mwili hukumbuka adui yule tu ulioonyeshwa.

Sasa adui wa ndigana kali ni mjanja. Kupe wa kahawia anayependa masikio humwingizia ng'ombe kimelea kiitwacho Theileria parva. Kimelea hicho huingia ndani ya chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, na kuzifanya ziongezeke ovyo. Ndiyo maana utaona tezi chini ya sikio imevimba, halafu homa, mwishoni ndama anahema kwa shida na kutoa povu puani.

Kwa kuwa kimejificha ndani ya chembe, kingamwili zinazoelea kwenye damu hazitoshi. Wanahitajika askari wanaoitambua chembe iliyovamiwa na kuiua. Jinsi wanavyoitambua ilielezwa na Peter Doherty, daktari wa mifugo kutoka Australia, na Rolf Zinkernagel wa Uswisi. Walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1996.

Askari hao tunawafundishaje? Miaka ya 1970, watafiti wa Muguga, karibu na Nairobi, walitumia njia hii: ndama anadungwa kimelea hai, na papo hapo anachomwa oksitetrasaiklini ya kukaa muda mrefu mwilini. Dawa inakizuia kimelea kisimlemee, huku mwili unajifunza. Walikuta pia kwamba kinga ya aina moja ya kimelea haizuii aina zote. Wakachanganya tatu: ya Muguga, ya Kiambu na ya Serengeti, hapa hapa kwetu Tanzania.

Kwa hiyo wewe fanya hivi:

1. Kabla ya sindano, uliza ni chanjo ya ugonjwa gani. Andika kwenye daftari tarehe, ugonjwa na namba ya hereni. Hereni peke yake si ushahidi.

2. Chanjo ya ndigana hukaa kwenye mtungi wa nitrojeni, nyuzi 196 chini ya sifuri. Mtu akikuletea iliyotoka kwenye friji, mkatalie. Tumia mtaalamu aliyeidhinishwa tu.

3. Jikusanyeni wafugaji kadhaa. Ikishayeyushwa hutumika siku hiyo hiyo, hairudishwi mtungini.

4. Chanja ndama mwenye afya, na apimwe uzito. Dawa hutolewa kwa kilo. Ikipungua, chanjo yenyewe inaweza kumletea ndigana. Mwangalie kwa wiki tatu hadi nne. Akipata homa au akiacha kula, piga simu siku hiyo hiyo.

5. Endelea kuogesha. Chanjo hii haizuii ndigana baridi wala ugonjwa wa kukojoa damu.

Dozi moja ikitolewa vizuri humkinga ng'ombe miaka mingi. Ndama jike akifa, umepoteza maziwa ya miaka na uzao wake wote. Leo fungua daftari, hesabu ndama ambao hawajapata chanjo ya ndigana, kisha nitafute tupange siku.