Uchovu Usioisha kwa Kulala

Siku hizi ukimsalimia mtu chuoni "mambo vipi?", jibu la "poa" limeadimika. Utaambiwa "nimechoka". Wengi wetu tunachoka uchovu wa kawaida: umepiga msuli hadi saa nane usiku, asubuhi una jaribio, ukipata Jumamosi moja ya kulala unaamka mzima. Huo hautusumbui hapa. Nazungumzia uchovu wa mtu anayelala saa tisa akaamka kama aliyekuwa analima kibanja usiku kucha, na hali hiyo ikaendelea mwezi baada ya mwezi. Sisi tunaosomea ualimu tuna sababu ya ziada ya kuuelewa, maana kesho ndio tutakaoshika chaki na kuamua mtoto yupi ni mvivu.

Kwanza mwili. Upungufu wa damu, malaria, minyoo, kisukari, kifua kikuu, VVU na matatizo ya tezi ya shingo, yote haya yanaweza kuanza kwa uchovu. Kichocho nacho kimo, na sisi tunaooga ziwani tusijifanye hatukijui. Dada mwenye hedhi nzito anaweza kupungukiwa damu taratibu hadi akazoea kuhema anapopanda ngazi. Kwa hiyo uchovu ukipita wiki mbili tatu bila sababu inayoeleweka, nenda ukapime. Hakuna ushauri wa hisia unaoweza kuongeza damu.

Sasa tuseme umepima na majibu yote ni safi. Hapo ndipo unapoambiwa: "Huumwi wewe, ni mawazo tu." Ninachogombana nacho ni hilo neno "tu".

Mkoa wetu wa Kagera una kisa kinachofundisha jambo hili. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache baada ya Uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni huko Kashasha walianza kucheka wasiweze kujizuia. Kufikia tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wameshapatwa, na shule ikafungwa. Watoto waliporudi makwao hali ile ikaonekana Nshamba, ambako watu 217 walipatwa, kisha na kwingine. Watu wakisimulia leo hucheka, lakini wale watoto hawakuwa na furaha. Walikuwa wanalia pia, wanahangaika, wengine wakiona kama kuna mtu anawakimbiza. Madaktari Rankin na Philip, walioandika habari hiyo mwaka 1963, walipima damu na hata maji ya uti wa mgongo, wasione ugonjwa. Hakuna aliyekufa. Ila tazama njia uliyopita: toka mtu hadi mtu wake, rafiki kwa rafiki, mtoto kwa nyumba yao. Hofu iliingia kwenye miili kupitia watu waliokaribiana.

Ukiishia Kashasha unaweza kusema basi, kila kisichoonekana kwenye vipimo ni hofu. Ngoja kwanza. Mwaka 1955, katika hospitali ya Royal Free jijini London, wafanyakazi 292 waliugua na hospitali ikafungwa kwa miezi kadhaa. Walikuwa na maumivu ya kichwa, ya misuli, na uchovu ambao kwa baadhi yao haukuisha. Mwaka 1970 madaktari wawili wa akili waliandika kwamba ile ilikuwa jazba ya kundi, na moja ya hoja zao ilikuwa kwamba wengi wa wagonjwa ni wanawake! Waliandika hivyo kwa kusoma mafaili, si kwa kuwapima upya wagonjwa. Wagonjwa wenye uchovu wa namna hiyo waliishi miaka mingi wakitiliwa shaka.

Leo ugonjwa huo wenyewe unatambulika. Mtu amedhoofika kwa zaidi ya miezi sita, usingizi haumpi nafuu, na alama yake kubwa ni kwamba akijilazimisha leo, kesho au kesho kutwa anaanguka kabisa. Mwaka 2021 taasisi ya NICE, inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, iliacha kupendekeza programu za kuwaongezea wagonjwa hao mazoezi hatua kwa hatua. Yaani "jikaze", dawa tunayoipenda sana, inaweza kuwa ndiyo inayomwumiza.

Wengi chuoni hawana ugonjwa huo. Uchovu wao uko katikati, ambapo mwili na mahusiano vinashikana. Mtu mwenye wasiwasi analala huku mwili uko macho: misuli imekaza, usingizi ni mwepesi, unakatika. John Cacioppo na wenzake, Marekani, walionyesha mwaka 2002 kwamba vijana wa chuo walio wapweke walikuwa na usingizi mbovu kuliko wenzao. Na upweke si kukosa watu. Chumba cha vitanda vinne kinaweza kuwa na wapweke wanne.

Nchini Nigeria, daktari wa akili kutoka Kanada, Raymond Prince, alieleza mwaka 1960 wanafunzi waliolalamika kichwa kuwaka, macho kuchoka, kusoma ukurasa na usibaki kitu. Nikiwasoma wale naona sura za kwetu: kijana mmoja kasoma, ukoo mzima unamtazama.

Nichukue mfano wa mwenzetu mmoja tuliyepanga naye nyumba moja hapa Kitendaguro. Ananitangulia kulala na anaamka baada yangu, lakini kwenye kipindi anasinzia. Nilipomuuliza alisema, "Dada, mimi siumwi, nimechoka tu." Alipopima, damu ilikuwa chini. Akapewa vidonge vya madini ya chuma, na baada ya wiki kadhaa akaacha kuhema. Lakini asubuhi aliamka bado mzito. Kumbe tangu mama yao alipofariki, wadogo zake wanampigia kila usiku: ada, unga, nani kagombana na nani. Bumu likiingia, nusu linapanda basi kwenda nyumbani. Anazungumza nao kwa sauti ya uchangamfu, kisha anakata simu na kukaa kimya gizani. Vidonge vilitibu kitu cha kweli, na simu zile nazo ni mzigo wa kweli.

Kilichosaidia hakikuwa kuambiwa akate simu. Huwezi kumwambia mtu awakate wadogo zake. Alimpigia mjomba, wakakubaliana mambo ya unga na ada yapitie kwa mjomba, na yeye azungumze na wadogo Jumatano na Jumapili. Mara ya kwanza alimwomba mjomba msamaha mara tatu kwa kumsumbua.

Kama hujui uchovu wako unatokea wapi, chukua daftari, kwa wiki mbili andika ulilala saa ngapi, ulifanya nini, na ulizungumza na nani kabla nguvu hazijaisha. Peleka daftari hilo kwa daktari pamoja na majibu ya vipimo. Sonona nayo huja kwa sura ya uchovu, na inatibika. Ukianza kuwaza kwamba ni heri usingekuwepo, usisubiri wiki mbili, mwambie mtu leo na akusindikize hospitali.

Na kwa tunaojiandaa kwenda mazoezi ya ufundishaji: mtoto akisinzia dawati la pili, mwite pembeni, si mbele ya darasa. Muulize alikula nini jana, alilala na nani, nyumbani nani anaumwa. Halafu nyamaza, umpe nafasi ya kujibu.