Jembe, Mlima na Sukari Inayoshuka

Somo la afya kwa vikundi

Tuseme leo ni zamu ya shamba la mama mmoja wa kikundi chenu, na mnachimba matuta. Kati yenu yuko kijana mwenye kisukari cha aina ya kwanza. Asubuhi amejidunga insulini yake, akanywa chai na kipande cha muhogo, akashika jembe. Kufikia saa tano anaanza kutetemeka. Jasho linamtoka, na hata akikaa kivulini halikauki. Ukimsemesha anajibu ovyo, tena kwa hasira. Mmoja anasema, "Huyu amepitia kwa mbangara." Mwingine anasema ni uvivu tu. Muda si mrefu, ameanguka.

Hakulewa, wala si mvivu. Sukari katika damu yake imeshuka mno, na akicheleweshwa anaweza kushikwa na degedege, kuzimia, hata kufa. Dawa ya kwanza iko jikoni kwenu. Somo hili ni la kikundi kizima kwa sababu sukari ikishuka, akili ya mgonjwa huvurugika mapema, na huenda asijue kwamba anahitaji msaada. Wazee wetu huku Taita watakumbuka saka, jinsi mtu alivyotetemeka na ngoma ikapigwa. Hatusemi saka ilikuwa kisukari. Tunasema tu, mwenye kisukari akitetemeka, sukari kwanza, maneno baadaye.

Kwa nini kazi hushusha sukari? Wenzetu wa Taveta wanaomwagilia kwa mifereji wataelewa upesi. Insulini ni kama lango linaloruhusu sukari itoke kwenye damu iingie mwilini. Mtu mzima wa afya akianza kulima, kongosho lake hupunguza insulini lenyewe, kama mkulima anavyofunga lango shamba likitosheka. Mwenye aina ya kwanza hana insulini yake mwenyewe, anaipata kwa sindano, na iliyokwisha kuingia mwilini hairudi. Lango liko wazi, na misuli nayo inavuta sukari kwa nguvu. Jua la Voi huongeza shida, maana joto huifanya insulini iingie kwenye damu haraka zaidi. Hali kadhalika ukijidunga pajani kisha ukapanda mlima. Siku ya kazi ya miguu, afadhali tumboni.

Sasa, afanyiwe nini? Kama ana fahamu na anaweza kumeza, aache kazi aketi. Mpe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari, vikorogwe kwenye maji baridi kidogo, au nusu ya chupa ndogo ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Mtoto mdogo vijiko viwili. Msimpe chapati au nyama kwanza, kwa sababu mafuta huchelewesha sukari. Chai ya moto nayo, hadi ipoe mtu ameshaanguka. Ngojeni dakika 15. Kama kuna mashine, mpimeni. Chini ya 4 bado iko chini, mpeni tena kiasi kile kile. Kama hakuna mashine na bado anatetemeka, mpeni tena. Akishapata nafuu, ndipo ale ndizi mbivu, mkate au ugali, ili sukari isishuke tena. Asirudi kwenye jembe siku hiyo.

Kama amezimia, msimmiminie kitu mdomoni, kitaingia mapafuni. Mlazeni ubavu. Chukueni sukari kidogo iliyoloweshwa kwa maji, au asali, mpake ndani ya shavu na kwenye ufizi, kidogo kidogo, huku gari likitafutwa. Msimdunge insulini hata kidogo! Wengine hukumbuka kwamba mgonjwa wa sukari hudungwa sindano, wakadhani wanasaidia, kumbe wanamaliza. Hospitalini atawekewa maji ya glukosi kwenye mshipa. Wa Voi mtakimbilia Moi, wa milimani Wesu, wa Taveta hospitali ya kule. Jambo la kuamua leo, kabla ya shida, ni gari la nani litaitwa. Mtu aliyezimia, akibanwa katikati ya watu wawili juu ya bodaboda, hawezi kulazwa ubavu.

Kuzuia ni rahisi kuliko kukimbizana. Mwenye mashine apime kabla ya kazi. Akikuta chini ya 5, ale kitu kwanza, kisha apime tena. Kazi ikiendelea, kila nusu saa hivi apumzike, ale ndizi au muhogo. Kama kazi inajulikana kuanzia jana, dozi ya chakula cha kabla yake hupunguzwa, mara nyingi kwa robo hadi nusu, lakini kiasi hicho akubaliane na kliniki yake. Kupunguza si kuacha. Anayeacha insulini kabisa sukari hupanda na sumu hujaa mwilini, nayo pia huua. Na akipima akakuta zaidi ya 15, huku anatapika au tumbo linamuuma, asifanye kazi, aende hospitali.

Tusisahau usiku. Baada ya kazi ngumu misuli huendelea kujaza akiba yake, na sukari inaweza kushuka saa nyingi baadaye, hata kesho yake. Kwa hiyo ale vizuri kabla ya kulala, na anayelala naye ajue. Pombe jioni hiyo ni hatari maradufu, kwa sababu ini linaloshughulika na pombe halitoi akiba yake ya sukari. Vilevile siku ya kufunga na kuomba si siku ya kumpa jembe. Azungumze na daktari kabla hata ya kufunga.

Mtu asije akasema basi kijana huyu akae nyumbani. La. Muogeleaji wa Marekani, Gary Hall Jr., aligunduliwa na kisukari hiki mwaka 1999, akashinda medali ya dhahabu ya Olimpiki Sydney mwaka 2000, akashinda tena Athens mwaka 2004. Alipima mara nyingi na kula kwa mpango. Kijana wetu wa matuta naye anataka kuhesabiwa kwenye zamu, na mpira wa Jumamosi pia.

Maswali ya kujadili: Je, katika kikundi chetu nani anatumia insulini, na ametuambia au anaogopa kuchekwa? Nani atabeba karatasi ya sukari kila siku ya kazi, iwe kama kubeba panga? Na usiku wa manane tutampigia simu nani mwenye gari?