Insulinoma: Uvimbe Adimu wa Kongosho Unaofanana na Kifafa

Mtu anayetetemeka, kutokwa na jasho jingi, kuongea ovyo au hata kuzimia alfajiri kabla ya kula huenda akadhaniwa ana kifafa au amerogwa. Mara chache sana, chanzo huwa ni insulinoma: uvimbe mdogo wa kongosho, aghalabu usiozidi sentimita 2, unaoendelea kutoa insulini hata sukari ikiwa imeshuka.

Daktari hutafuta mambo 3: dalili hizo, sukari iliyoshuka kwenye damu zinapotokea, na nafuu mgonjwa anapopewa glukosi. Kisha mgonjwa hulazwa na kukaa bila kula kwa hadi saa 72, huku damu yake ikipimwa sukari na insulini. Picha za CT au MRI husaidia kuonyesha uvimbe ulipo.

Takriban 9 kati ya 10 ya uvimbe huu si saratani, na upasuaji huponya wagonjwa wengi.

Wakazi mnahimizwa kuomba sukari ipimwe papo hapo dalili zinapotokea. Mgonjwa akiwa na fahamu, mpeni kinywaji chenye sukari. Akizimia, msimtie chochote mdomoni, mkimbizeni hospitalini. Kipimo cha kukaa bila kula kisijaribiwe nyumbani.